Mlo wa Ini: Wiki Mbili Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Tumbo

Karatasi ya maelekezo ya hospitali kwa kawaida ni fupi: wiki mbili kabla ya upasuaji, vimiminika tu. Mgonjwa huikunja, akaitia kwenye mkoba, na kabla hajafika nyumbani ameshanunua juisi ya miwa, maana nayo haitafunwi. Kesho yake ndugu wanampikia uji wa lishe wenye karanga na sukari ya kutosha ili asiishiwe nguvu. Siku ya tatu analetewa madafu. Kwa hesabu yake ameshika masharti. Hajatafuna kitu, njaa ameiona, na lengo la zoezi zima halijasogea hata hatua moja. Mtu kuteseka bure namna hii kunaniuma, kwa sababu maelezo ya dakika tano yangemwokoa.

Maelezo yenyewe ni haya. Mlo huu unafanywa kwa ajili ya ini. Tumbo halisafishwi kwa wiki mbili, na kupungua uzito kwa siku hizo si jambo la kwanza analolitaka daktari. Anachotaka ni ini lipungue ukubwa.

Sehemu ya kushoto ya ini hulala juu ya tumbo la chakula kama jani la mgomba lililofunika chungu. Upasuaji mwingi wa kupunguza tumbo siku hizi, ule wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo na ule wa kutengeneza njia ya mkato hadi kwenye utumbo mdogo, hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Mkono wa daktari hauingii ndani. Ini huinuliwa kwa chombo chembamba na kushikiliwa muda wote wa kazi. Likiwa dogo na jepesi, tumbo linaonekana lote. Likiwa limevimba kwa mafuta, kama lilivyo kwa wengi wenye unene uliokithiri, linaziba njia, linachanika kirahisi na linatoa damu. Hapo daktari hulazimika ama kupasua tumbo kwa mkato mrefu, ama kufunga matundu na kumrudisha mgonjwa wodini bila kufanya kilichokusudiwa.

Habari njema ni kwamba ini hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani. Limehifadhi wanga wa akiba, glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza wanga na sukari unazokula, mwili huichukua akiba hiyo, maji yake yanatoka, kisha mafuta yaliyomo ndani ya ini nayo yanaanza kuchomwa. Mwaka 2006 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kuwapima kwa picha watu 32 waliokuwa kwenye mlo wa kalori chache sana kwa wiki 12 kabla ya upasuaji. Maini yao yalipungua kwa wastani wa karibu asilimia 19, na asilimia 80 ya upungufu huo ilikwisha kutokea wiki mbili za mwanzo. Ndiyo maana hospitali nyingi huchagua wiki mbili. Mwenye uzito mkubwa zaidi anaweza kuambiwa tatu au nne.

Ukishalijua hilo, vinywaji vinajipanga vyenyewe. Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, na juisi ya miwa haiko mbali nayo. Kikombe kikubwa cha uji wa ulezi wenye vijiko vitatu vya sukari kinaweza kufika gramu 35 za wanga au zaidi. Togwa, juisi ya embe, juisi ya parachichi iliyotiwa maziwa ya mgando na sukari, vyote vinashuka kooni kwa urahisi na vyote vinalijaza ini upya. Madafu yana afadhali, lakini nayo yana sukari yake, na mtu akinywa matatu kwa siku ameshatumia sehemu kubwa ya wanga alioruhusiwa. Kwa kawaida mlo huu hulenga kalori kati ya 800 na 1,000 kwa siku, wanga usiozidi gramu 100, na protini gramu 60 hadi 80 ili mwili usianze kula misuli yake wenyewe. Hospitali yako ikikupa kipimo tofauti, fuata cha hospitali. Wao wameona vipimo vyako vya damu.

Hapa kwetu wengi hushtuka wanaposikia protini, wakadhani lazima wanunue kopo la unga wa wanamichezo kwa bei ya mbuzi. Unga huo unasaidia, na kama uwezo upo, nunua usio na sukari. Lakini maziwa yanatosha kuubeba mlo huu, na katika hospitali za Uingereza wako wagonjwa wanaopewa mpango wa maziwa na mtindi pekee. Lita moja ya maziwa ina protini gramu 32 hivi na wanga gramu 48 hivi. Chukua lita moja ya maziwa yaliyopunguzwa mafuta, koroga ndani yake gramu 50 za unga wa maziwa usio na mafuta, kisha ongeza kikombe cha robo lita cha mtindi usio na sukari. Kwa siku nzima umepata protini gramu 60 hivi, wanga gramu 85 hivi na kalori zinazokaribia 800. Hesabu hiyo inaweza kufanyika Kariakoo au Kisumu bila kuagiza kitu kutoka nje.

Maziwa mabichi ya muuza maziwa huwa na mafuta yake yote. Yachemshe vizuri, yaache yapoe, yaweke kwenye jokofu usiku kucha, asubuhi ondoa tabaka lote la juu. Mafuta hayaishi, ila yanapungua kwa kiasi kizuri. Kama maziwa yanakuletea gesi na kuhara, jambo la kawaida sana kwa watu wazima wa Afrika, jaribu maziwa mgando, ambayo Wakenya huyaita mala, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa na vijidudu vya kugandisha. Mengine ni maziwa ya soya yasiyotiwa sukari. Chunguza maandishi ya kwenye pakiti. Mtindi wa ladha ya stroberi au vanila una sukari ya kuongezwa, hata kama pakiti imechorwa mtu mwembamba anayekimbia.

Supu nayo ina mahali pake, ila tusijidanganye nayo. Tumelelewa tukiamini supu ya mifupa inajenga mwili. Maji ya supu yaliyochujwa yana chumvi, ladha na joto, vitu vitatu utakavyovihitaji sana, lakini protini yake ni kidogo. Mtu anayeishi kwa supu tupu siku 14 atadhoofika. Inywe juu ya maziwa, usiiweke badala yake. Chemsha kuku kwa tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, chuja, weka kwenye jokofu hadi mafuta yagande juu, yatoe yote, kisha pasha kikombe kimoja kimoja na ukamulie ndimu. Aliyezoea supu ya pweza ya jioni pale baraza za Pwani anaweza kuinywa vivyo hivyo, imechujwa, bila vipande. Makongoro yanahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya mafuta yake. Ukipika sufuria kubwa mara moja na kugandisha kwenye vikopo, utajiepusha na kusimama jikoni kila siku ukinusa chakula usichoruhusiwa.

Vinywaji vya katikati ni vingi: chai ya rangi yenye iliki na mdalasini, chai ya tangawizi, maji ya choya yaliyochemshwa bila sukari, maji ya ndimu, na maji yenyewe. Jumla ya vimiminika vyote ifike lita mbili au zaidi kidogo kwa siku, labda kama moyo au figo zako zimewekewa kikomo na daktari. Kama umezoea chai kali au kahawa, usiikate ghafla siku ile ile unayoanza mlo. Kichwa kitakachokupasuka kitakufanya uuchukie mlo kwa kosa lisilo lake. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse mpango wa maziwa mengi bila idhini ya daktari wake. Na kwa kuwa maziwa yana upungufu wa madini ya chuma na vitamini kadhaa, uliza kama utapewa kidonge cha vitamini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo likikosewa linaweza kuua: dawa. Mwenye kisukari anayechoma insulini, au anayemeza glibenklamaidi au gliklazaidi, amepangiwa kipimo kinacholingana na ugali na wali aliokuwa akila. Akiacha wanga huku akiendelea na kipimo kile kile, sukari inaporomoka. Kabla ya siku ya kwanza, lazima daktari apunguze au abadilishe dawa hizo, na mgonjwa apime sukari mara nyingi kuliko kawaida. Ukihisi jasho jembamba la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio au akili kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama huna kipimo, kunywa sukari ya kuyeyushwa kwenye maji saa hiyo hiyo, kisha piga simu hospitali. Hapo masharti ya ini yanasubiri. Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini waulize siku ya kuziacha, maana zikikutana na mlo wenye wanga kidogo zinaweza kuifanya damu ijae tindikali hata pale kipimo cha sukari kinapoonekana kizuri. Dawa za presha za kukojoza maji nazo huweza kukufanya uanguke unaposimama, na wanaotumia wafarini wanahitaji kupimwa damu tena kwa sababu mabadiliko ya chakula hubadilisha nguvu yake. Usizipunguze mwenyewe hizi zote. Zipeleke kwa daktari zikiwa kwenye pakiti zake.

Kwa maumivu ya kichwa, parasetamoli ndiyo salama zaidi. Daiklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazinunua dukani kama peremende, huchubua tumbo, na tumbo hilo ndilo linalokwenda kukatwa. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani na kwenye simu tafadhali ziache kabisa. Nyingi huwa na sena, dawa ya kuharisha, inayokupotezea maji na chumvi ambazo mwili wako tayari unazo kidogo. Dawa za asili zozote unazotumia mtajie daktari bila kuona haya, kwani nyingine huzuia damu kuganda. Sigara na pombe pia zinakoma, na hospitali nyingi zitataka zimekoma wiki kadhaa kabla ya hapo.

Siku ngumu zinajulikana. Ya kwanza watu huivuka kwa ari. Ya pili hadi ya nne ndipo kichwa kinauma, mwili unahisi baridi, usingizi unakatika na hasira inakuwa karibu. Pumzi inaweza kunuka kitu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hizo ni ketoni, alama kwamba mwili umeanza kuchoma mafuta. Baada ya hapo njaa hupungua kwa wengi, na hilo ningependa ulishike usiku wa siku ya tatu utakapokuwa umesimama mbele ya jokofu. Kikombe cha supu yenye chumvi kidogo huondoa kizunguzungu kwa asiyekatazwa chumvi. Choo kitakuwa kigumu au kitachelewa, kwa sababu kinachoingia hakina nyuzinyuzi. Ongeza maji, tembea, na uombe dawa ya kulainisha mapema. Kama unaweza kupanga, usiiache siku ya pili iangukie siku ambayo una kikao kizito au safari ya basi ya mwendo wa saa kumi.

Kinachowashinda wengi, kwa kweli, si njaa. Ni sahani za wengine. Mama wa nyumba anapika pilau ya watoto wake na hawezi hata kuonja chumvi. Ofisini saa nne chapati na vitumbua vinapita. Jumamosi kuna harusi, na sinia la biriani linawekwa mbele yake na mtu anayempenda. Kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa aliyekitoa, kwa hiyo tusiwaachie wagonjwa vita hii peke yao. Kama wewe ni mume, dada, au mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, chukua zamu ya jiko kwa wiki hizo mbili. Hilo tu. Kama haiwezekani, mtu mwingine aonje. Mgonjwa naye ale kwa saa, pamoja na wenzake, kikombe chake kikiwa mezani. Kujificha chumbani na glasi ya maziwa kunaongeza upweke, na upweke ndio unaomtuma mtu jikoni usiku. Kwenye shughuli, "daktari amenizuia kwa sasa" inatosha, na huna deni la kumweleza mtu zaidi ya hapo.

Nalisema hilo kwa msisitizo kwa sababu ya maneno yanayosemwa. Mtu akiwa mnene anaambiwa ni mvivu na mlafi. Akianza kupungua anaulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini, maana katika jamii zetu kukonda bado kunabeba kumbukumbu ya miaka mibaya ya UKIMWI. Akisema anakwenda kupasuliwa, anaambiwa anatafuta njia ya mkato. Unene uliokithiri ni ugonjwa, una homoni ndani yake na una urithi ndani yake, na mtu aliyekubali kulala kwenye meza ya upasuaji ili aone wajukuu wake hastahili hukumu ya jirani. Chagua watu wawili au watatu wa kuwaambia ukweli wote. Wengine watajua utakapotaka.

Kuna vishawishi viwili ambavyo havifanani na njaa. Cha kwanza huja kabla: karamu ya kuagana na chakula. Wiki ile ya mwisho mtu anazunguka, leo nyama choma, kesho chipsi mayai, keshokutwa keki, kana kwamba anazikwa. Naielewa huzuni iliyomo humo, kwa sababu chakula kimekuwa faraja yake miaka mingi na anahisi anaipoteza. Lakini unaanza mlo ukiwa na ini zito zaidi, na kushuka kutoka hapo kwenda kwenye maziwa kunauma mara mbili. Afadhali wiki hiyo uanze kupunguza sukari na kuutoa wanga wa usiku. Cha pili huja siku ya saba au ya nane, mizani inapoonyesha kilo kadhaa zimeondoka na sauti inasema, upasuaji wa nini tena? Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji yaliyotoka na ile akiba ya wanga, na yatarudi na chapati ya kwanza. Kama una shaka ya kweli kuhusu upasuaji, ni haki yako, na ongea na daktari. Usiiache mizani ya wiki moja ikuamulie.

Ukiteleza je? Umekula maandazi mawili siku ya sita. Endelea na kikombe kinachofuata, bila kujiadhibu kwa kukaa na njaa siku nzima. Ila kama umekuwa ukiteleza kila siku, waambie wanaokutibu kabla ya tarehe. Kuahirishwa wiki moja ni usumbufu mdogo kuliko daktari kuligundua ini lililovimba wakati tayari amekutoboa. Kama kinachokukosesha ni hamu ya kutafuna, uliza kama bigijii isiyo na sukari inaruhusiwa. Hospitali nyingine zinakubali, nyingine zinakataa.

Kupanga tarehe kuna uzito wake. Kama hali yako inakuruhusu kusubiri, usikubali wiki hizi mbili ziangukie Ramadhani, Idi au Krismasi. Kufunga mchana kutwa juu ya mlo huu kunakausha mwili, hasa kwa anayetumia dawa. Wanaosafiri kwenda India kutibiwa, na kutoka kwetu ni wengi, waulize mapema mlo unaanza lini, kwa sababu mara nyingi huanza wakiwa bado nyumbani na unaendelea ndani ya ndege. Beba unga wa maziwa uliopimwa kwenye vifuko, omba maji tu, simama na utembee njiani ili damu isigande miguuni. Na anayekwenda kuwekewa puto tumboni, huduma inayotolewa pia katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, afuate karatasi ya huko. Puto lina masharti yake, na haya ya ini si lazima yamhusu.

Rudi hospitali bila kungoja miadi ukizimia, ukitapika kila unachokunywa, mkojo ukiwa wa rangi ya chai kali siku nzima, au moyo ukidunda ovyo. Na yeyote asiye na tarehe ya upasuaji wala daktari anayemfuatilia asiuchukue mlo huu kama njia ya kupungua. Umepangwa kwa muda mfupi na kwa watu waliopimwa.

Siku ya mwisho kwa kawaida ni ya vimiminika vyepesi peke yake: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa ikawa angavu. Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu ya maziwa. Wiki mbili umeyaishi, unayaona kama maji, na alfajiri ya upasuaji unataka kikombe kimoja. Kwa daktari wa usingizi maziwa ni chakula. Kanuni ya kawaida ni kuacha chakula na maziwa angalau saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji angavu angalau saa 2. Hospitali nyingi huweka muda mrefu zaidi, na saa zao ndizo sheria. Ukiwa umekunywa, sema. Daktari huyo atasogeza saa, maziwa yasije yakapanda kutoka tumboni ukiwa usingizini, na mapafu yako yatabaki salama.

Kabla ya kuondoka nyumbani, acha kwenye friza vikopo kadhaa vya supu iliyochujwa na kutolewa mafuta, na kabatini unga wa maziwa. Utarudi ukiwa na tumbo linalobeba vijiko vichache kwa wakati mmoja, na kwa wiki moja hadi mbili nyingine utakuwa bado kwenye vimiminika. Safari hiyo utakunywa kidogo kidogo siku nzima, bila kugugumia na bila mrija. Anayekaa nawe ajue kwamba kikombe kimoja cha supu kinaweza kukuchukua nusu saa, asikuharakishe.